Majani makavu ya muembe: kufukia, kutandaza au kuozesha kwanza? Nimejaribu zote Tabora, linganisha mwenyewe

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa hapa Tabora unafagia uwanja asubuhi, ikifika jioni unafagia tena, muembe unadondosha, mjohoro unadondosha, mkungu ndo usiseme, alafu ukitoka nje ya mji kidogo tu unakuta pori la miombo limebaki nusu uchi. Na karibu kila nyumba jibu ni lilelile, kusanya kwenye kona, kiberiti, moshi mpaka kwa jirani, kwisha habari. Mi mwenyewe nimechoma miaka na miaka huku nikitoka kununua samadi kwa toroli, yani nachoma mbolea mkono huu nanunua mbolea mkono ule.

Sasa kabla sijalinganisha niseme hali ya kwangu usije ukaiga kitu kisichokuhusu. Bustani iko nyuma ya nyumba maeneo ya Ipuli, hatua 15 kwa 10 hivi, udongo ni mchanga ule mweupe ukimwaga ndoo ya maji unapotea kama umemwaga kwenye chujio. Maji ni ya bomba kwa mgawo na mapipa mawili ya akiba. Nalima mchicha, chainizi, nyanya kidogo, matembele pembeni. Muembe mmoja wangu, mwingine wa jirani ila matawi yake yamevuka ukuta, embe anakula yeye majani nafagia mimi.

Niliyojaribu ni manne: kuyafukia moja kwa moja udongoni, kuyaponda na kuyatandaza juu, kuyaozesha yenyewe kwenye shimo, na kuyachanganya na mbolea ya kuku nikatengeneza mboji. La tano ni kuchoma, nianze na hilo tulimalize.

Kuchoma

Ukichoma jani, kaboni inaenda hewani, naitrojeni karibu yote inaenda nayo, salfa pia kwa sehemu kubwa. Kinachobaki kwenye jivu ni potasiamu, kalsiamu, fosforasi na vidogo vidogo vingine. Kwaiyo jivu sio takataka, kama udongo wako una tindikali linasaidia, lakini ni kali, ukilimwaga lundo sehemu moja mboga zinagoma kabisa hapo. Na kwa mchanga wetu kinachokosekana zaidi ni kile cha kushika maji, ambacho ndo hichohicho umekigeuza moshi. Mi sichomi tena isipokuwa majani ya nyanya yenye ugonjwa.

Kwanini video za Ulaya zinatuchanganya

Hili nilichelewa kulielewa. Wenzetu Uingereza au Marekani majani yanadondoka mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kuna baridi, mvua inanyesha, ardhi imelowa, mtu anapitisha mashine ya kukatia nyasi juu ya majani yanakatika vipande vipande anayatupia bustanini, mvua na theluji vinamalizia kazi, akirudi kupanda miezi mitano mbele hali ni nzuri. Kwetu majani yanadondoka wakati mvua imeshakata tangu mwezi wa nne au wa tano na haitarudi mpaka wa kumi na moja. Jani linaoza kwasababu ya viumbe vidogo na ukungu, na hao bila maji hawafanyi kazi, ndo maana lundo la majani ya mwezi wa saba ukilifunua mwezi wa kumi unalikuta vilevile, limeongezeka vumbi na nge tu.

Ila tuna faida moja kubwa, joto. Kwa makadirio ya kawaida kuoza kunaenda kasi mara mbili hivi kila joto likipanda nyuzi 10, kwaiyo kitu ambacho kule kinachukua mwaka mmoja mpaka miwili, hapa ukikipa maji muda wote kinaweza kuisha ndani ya miezi. Shida yetu sio muda, shida ni ndoo.

Kuponda au kuacha mazima?

Hapa watu wengi wanaona ni kazi ya bure. Ni kazi kweli, sikatai, lakini jani la muembe ni gumu, lina ngozi ya nta, na ukiyatandaza mazima yanalaliana kama mabati, maji unayomwagia yanatelezea pembeni na chini unakuta pakavu. Ukiyaponda nta inapasuka, maji yanaingia, wale viumbe wanapata pa kuanzia kula. Pia yanapungua sana, viroba vyangu 8 vya salfeti vilivyojaa majani mazima baada ya kuponda vilikuwa 3 na kidogo.

Mashine sina. Nilichofanya ni kuyaacha juani mpaka saa nane mchana yakawa yanavunjika kama chapati kavu, nikayaweka nusu kiroba, nikafunga mdomo, nikapiga kwa mchi huku nakigeuza, watoto wakaona mchezo wakaanza kukirukia, ndani ya nusu saa nimemaliza viroba vitatu. Asubuhi usijisumbue, yana unyevu wa usiku yanakunjika tu hayavunjiki. Kwa mwenye ng'ombe na ile mashine ya kukatia malisho hiyo ni dakika tano. Na kuna jamaa anayamwaga tu kwenye njia ya kuingilia geti pikipiki zikipita wiki moja kazi imeisha, ila hapo unakusanya na mchanga na vifuko vya plastiki.

Sio kila jani linataka kupondwa lakini. Mkrismasi na mlusina vijani vyake ni vidogo vyenyewe, vimwage hivohivo. Mjohoro nao sio mgumu sana. Yanayotaka kupondwa kweli ni muembe, mkungu, mparachichi na ile miti ya pori yenye majani mapana. Mkaratusi mi siuweki bustanini ukiwa mbichi wala mkavu mpaka uwe umeoza kwanza, majani yake yana mafuta na vitu vinavyozuia mbegu za wenzake kuota.

Kitu kingine watu hawakijui, jani lililodondoka lenyewe sio sawa na jani lililokatwa bichi. Mti kabla ya kuliachia unanyonya kwanza sehemu kubwa ya naitrojeni, mara nyingi kama nusu hivi, unairudisha kwenye shina. Kalsiamu unaiacha. Kwaiyo unachofagia uwanjani ni jani ambalo mwenye nalo ameshachukua chake, ukilitegemea liwe mbolea ya kukuza mboga haraka utalilaumu bure. Lakini jani la mlusina ukilikata bichi lina naitrojeni nyingi sana na linaoza ndani ya wiki chache, hivi ni vitu viwili tofauti japo vyote tunaviita majani.

Kufukia dhidi ya kutandaza juu

Nilipoanza mwaka 2021 nilifikiri kufukia ndo akili, si mbolea inatakiwa iwe chini kwenye mizizi? Nikachimba matuta manne, nikajaza majani ya muembe makavu ambayo hata sikuyaponda vizuri, nikafunika udongo, wiki moja nikahamishia miche ya chainizi. Jamani. Matuta mengine mawili niliyoacha bila kitu chainizi ikawa inakwenda vizuri, haya manne ikawa ya njano, midogo, imesimama palepale wiki tatu kama imeapishwa. Nikamwaga maji zaidi nikidhani ni kiu, ndo ikazidi.

Kuna bibi mmoja mtaani kwetu nikamwita aone. "Mwangaluka bibi, hebu niangalizie hizi." Akachimbua kwa kidole akaona majani yako vilevile, akacheka. "Mjukuu wangu, sisi kwenye matuta tulikuwa tunafukia majani mabichi, mvua ikianza, magugu yamejaa, unayageuzia chini. Haya makavu namna hii yangekaa kwanza."

Alikuwa sahihi kabisa, na hesabu yake iko hivi. Viumbe wanaoozesha wanahitaji kaboni na naitrojeni kwa uwiano, kama sehemu 25 za kaboni kwa 1 ya naitrojeni. Majani makavu ya miti mingi yako kati ya 40 na 80 kwa 1, yani chakula kimejaa wanga mboga hamna. Sasa ukiyafukia, wale viumbe naitrojeni iliyopungua wanaitafuta kwenye udongo, wanaimaliza, mmea wako unakosa, unakuwa wa njano. Wakija kufa baadae naitrojeni inarudi, lakini chainizi haiwezi kukusubiri miezi mitatu. Yale matuta ya Kinyamwezi yanafanya kazi kwasababu magugu mabichi yana naitrojeni ya kutosha na udongo umelowa. Nilichoiga mimi ni umbo la tuta tu.

Niliokoa kwa kuloweka mbolea ya kuku kwenye ndoo siku tatu, nikachuja, nikapunguza na maji mpaka ikawa rangi ya chai ya rangi, nikamwagia. Ikarudi kijani, ila msimu ulishapotea.

Sasa yale yale majani ukiyaweka juu, hiyo shida inakuwa ndogo sana, kwasababu yanagusana na udongo kwenye uso tu na mizizi iko chini. Hapo ndo kutandaza kunashinda kufukia, kwangu mimi hata sio mashindano. Naweka unene wa sentimita 5 hivi ya yaliyopondwa, naacha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina. Mwezi wa nane mwaka huo huo nilitandaza kwenye nyanya, nikatoka kumwagilia asubuhi na jioni nikawa namwagilia mara moja kwa siku, siku zenye mawingu naruka. Magugu yakapungua. Ukiweka mkono chini ya majani saa saba mchana ni pabaridi, pembeni mchanga unaunguza.

Lakini kuna mambo ya kutandaza ambayo waandishi wengi wa bustani hawasemi kwasababu hawaishi huku, na la kwanza ni mchwa. Ukitandaza majani makavu Tabora umewaita mchwa kwenye harusi. Mwanzoni nilishtuka, wiki mbili nusu ya matandazo imekwenda, kumejengwa vijia vya udongo juu ya majani. Nikataka kununua dawa. Baadae nikaja kuona kwamba nyanya hawajazigusa, wanakula kilichokufa, na vile vitundu wanavyochimba maji yanapitia humo kwenda chini, na udongo wa chini wenye mfinyanzi wanaupandisha juu, kitu ambacho kwenye mchanga ni msaada. Ambao hawana kabisa majani yaliyokufa shambani ndo wakati mwingine mchwa wanageukia mazao maana hamna kingine cha kula. Tahadhari zangu ni kwamba siweki majani karibu na ukuta wa nyumba wala nguzo za mbao, siweki kwenye miche michanga ya michungwa, na nayalowesha, yakiwa makavu sana ndo wanayapenda zaidi. Wanasema ukichanganya majani ya mwarobaini hawaji, kwangu walikuja tu labda walichelewa siku mbili.

La pili ni zile mvua za kwanza za mwezi wa kumi na moja ambazo ni manyunyu. Matandazo mazito yanazinywa zote, udongo haupati kitu. Nayakusanya matandazo pembeni mpaka mvua kubwa ije. La tatu, masika yakishakolea kunakuwa na konokono na majongoo chini ya majani, chainizi changa wanaitoboa usiku, kwaiyo kwenye miche midogo nayapunguza. La nne mchicha wa kumwaga mbegu hauwezi kutoka chini ya majani, labda uyasage mpaka yawe kama majani ya chai na uweke utando mwembamba tu, au usubiri ufike urefu wa kidole.

Na kitu cha mwisho, hayadumu. Kwa joto hili na mchwa hawa ukitandaza mwezi wa saba, mwezi wa kumi unatafuta mengine. Usifikiri utaboresha udongo mara moja uwe umemaliza, ni kila mwaka.

Kuozesha majani matupu dhidi ya mboji yenye mbolea ya kuku

Shimo la majani matupu ni la mvivu, na nasema hivyo kwa mapenzi. Nilichimba shimo la mita moja kwa mita moja, kina cha goti, chini ya muembe wenyewe kwenye kivuli, nikajaza majani yaliyopondwa huku nalowesha kila tabaka, nikafunika na viroba vilivyochanwa. Maji yote ya kuoshea mboga na mchele yakawa yanaenda huko, ya sabuni hapana. Hapa kazi inafanywa zaidi na ukungu kuliko bakteria, kwaiyo halichemki, halinuki, halihitaji kugeuzwa sana, na polepole linageuka kitu cheusi cha kunukia kama pori baada ya mvua. Nilijaza mwezi wa saba, nikaja kulichukua mwezi wa tatu, yaliyopondwa yalikuwa tayari, mazima machache niliyotupia juu bado yanaonekana mishipa.

Kitu hiki virutubisho vyake ni kidogo, sio mbolea ya kukuza. Uzuri wake ni kushika maji, kinabeba maji mara kadhaa ya uzito wake, ukikikamua ni kama sponji. Kwenye kitalu cha nyanya nachanganya nusu hiki nusu mchanga, miche inang'oka na mizizi yote bila kukatika. Kwenye mchanga wangu hiki kimenisaidia kuliko nilivyotegemea, tatizo shimo zima lilitoa ndoo 9 tu za lita 20, matuta mawili yameisha.

Mboji yenye mbolea ya kuku ni habari nyingine. Hapo unatafuta ule uwiano wa kama 30 kwa 1 mwanzoni. Kinyesi cha kuku kiko karibu na 10 kwa 1, majani 40 mpaka 80, kwaiyo mi nachukua ndoo tatu za majani yaliyopondwa kwa ndoo moja ya mbolea ya kuku, kama ina maranda mengi kutoka bandani inakuwa mbili kwa moja, maana maranda nayo ni kaboni. Samadi ya ng'ombe inafaa ila inabidi iwe nyingi zaidi, nusu kwa nusu. Lundo liwe angalau mita moja kila upande, likiwa dogo joto linatoroka. Unyevu nautest kwa mkono, nikikamua ngumi ya mchanganyiko yatoke matone mawili matatu, yakitiririka yamezidi, yasipotoka kabisa ongeza.

Baada ya siku tatu nachomeka nondo katikati, nikiitoa baada ya dakika kumi kama siwezi kuishika vizuri najua lundo linafanya kazi, linafika nyuzi 55 mpaka 65, na joto hilo likikaa siku kadhaa linaua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vya magonjwa. Likipoa nageuza, la nje linaenda ndani. Nikigeuza kila wiki naipata ndani ya miezi miwili na nusu au mitatu, hata kiangazi.

Ukiyaweka pembeni kwa pembeni haya mawili: shimo halikudai kitu zaidi ya maji kidogo na subira, mboji inakudai mbolea ya kuku, chepe, mgongo, na maji mengi sana maana lile joto linakausha, mi nilikuwa naliongezea ndoo mbili mpaka tatu kila nikigeuza. Kwa mgawo wetu wa maji hapo pia panauma. Lakini mboji unaiweka wiki hii na chainizi inaonyesha ndani ya siku kumi, shimo la majani matupu haliwezi hilo. Harufu nayo, wiki ya kwanza ya mboji kama majani ni machache utapigiwa simu na jirani.

Na vitu vingine vinavyopatikana hapa je?

Maganda ya mpunga ya mashineni yapo, yale ambayo wafyatua tofali wanayagombania kuchomea. Yenyewe hayahitaji kupondwa, yanatandazika vizuri, mchwa hawayapendi sana, lakini yamejaa silika (madini magumu kama yale ya mchanga), yanaoza taratibu mno na maji hayayashiki kama majani. Kwa mchanga naona majani ni bora, kwa udongo mzito maganda ni mazuri kuliko majani kwasababu yanaufungua.

Vumbi la mbao usilifananishe na majani hata siku moja, uwiano wake wa kaboni ni mamia kwa 1, ukilifukia ile njano ya chainizi yangu utaiona mara tano.

Mabua na masalia ya tumbaku, huku kwetu ndo yamejaa, Urambo, Kaliua, Sikonge, kila mtu anayo na watu wanashawishika. Kama una nyanya, pilipili au bilinganya mi sikushauri. Hizo na tumbaku ni ukoo mmoja, na kile kirusi cha batobato ya tumbaku kinaweza kukaa kwenye majani yaliyokauka muda mrefu sana, hata mikono ya mtu aliyetoka kupanga tumbaku inaweza kukihamisha, nawa kwa sabuni kwanza ndo ushike miche. Kwenye mahindi sawa.

Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri ukiniuliza peke yake na majani peke yake, nachukua samadi. Lakini samadi inanunuliwa na kubebwa, inakuja na mbegu za magugu, na majani yapo uwanjani bure, ndo maana swali lenyewe lipo. Udongo wa kichuguu wazee wameutumia tangu zamani kulima juu yake na kuubeba kwenda bustanini, una mfinyanzi na kalsiamu kuliko mchanga wa pembeni, mi nauchanganya na yale majani yaliyooza ya shimoni, debe moja kwa matatu, na hapo mchanga wangu ndo umeanza kushikana ukiuminya.

Watu wa miti nao wana la kusema, pale kituo cha utafiti cha Tumbi waliwahi kujaribu miaka ya 90 kupanda akasia za kutoka Australia pamoja na mahindi, baadae miti inakatwa inakuwa kuni za kukaushia tumbaku na shamba linarudi kwenye mahindi. Ile akasia majani yake magumu yanaoza taratibu kama ya muembe, yanafaa zaidi kukaa juu kuliko kutegemewa yalishe mazao haraka. Ukienda kwenye kivuli cha miti kama hiyo ukafunua majani utaona chini udongo umekuwa mweusi kiasi cha vidole viwili tu, na hapo ni miaka.

Kama uko upande wa mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata kama ugali masika, geuza ushauri wangu kidogo. Huko maji sio ya kukimbia, ni ya kutuama, kwaiyo majani juu masika yanaweza kuozesha shingo za miche, bora mboji ichanganywe kwenye matuta yaliyoinuka kabla ya mvua, na matandazo uyaweke kiangazi yazuie ile mipasuko.

Sasa uchague nini

Una maji ya uhakika na kuku, tengeneza mboji, usijiulize mara mbili. Maji ni ya mgawo na bustani tayari ina mboga zinazosimama, ponda utandaze, kila tone litakuwa na kazi. Huna muda, unasafiri, unapanga mwakani ndo ulime, chimba shimo kwenye kivuli utupie, uwaambie watoto maji ya mchele yasimwagwe mlangoni. Kufukia makavu mi naruhusu kesi moja tu, eneo ambalo hutapanda kitu msimu mzima, unafukia mvua inapoanza na unanyunyizia mbolea ya kuku humo humo, utakuja kulima mwaka unaofuata.

Mi mwaka huu nimegawa: viroba vitano vya kwanza vimeenda juu ya nyanya, vinne vimeingia kwenye mboji, vilivyobaki viko stoo vimefungwa midomo vinasubiri mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha mara mbili za nguvu navimwaga shimoni bila kubeba hata ndoo moja. Jirani wa ule muembe juzi kaniuliza mbona sikuhizi nafagia mpaka upande wake, nikamwambia ni ujirani mwema tu, jana nimemkuta na yeye amenunua viroba.